Kupiga kopi kwa koo lako mwenyewe

Ukitaka kuubadili wimbo wa mtu, kwanza uweze kuuimba kama alivyouimba yeye. Najua hili halipendwi. Wapo vijana wanaokuja kwenye mazoezi yetu na staili tayari, mkono unachezacheza hewani, macho yamefumbwa, lakini ubeti wa pili wanaupita kwa kumung'unya maneno. Huo si mtindo wako, mdogo wangu. Ni mashairi hujayashika.

Mimi ni mwimbaji wa bendi ndogo ya Dar es Salaam: gitaa moja, besi, tumba, na mimi. Tunapiga hoteli za ufukweni, harusi, sendofu, siku nyingine baa. Riziki yetu ni kopi, yaani nyimbo za watu wengine: zilipendwa, taarabu, rumba za Kongo, na zile nyimbo chache ambazo mgeni wa hoteli halali bila kuziomba. Nimekulia Tanga, na Mungu kanipa sauti nzito. Nyimbo nyingi za wanawake zimekaa juu kuliko koo langu linavyopenda, na za wanaume zikiachwa zilivyo zinanizamisha. Kwa hiyo kuiga tupu kulinishinda mapema, ikabidi nitafute njia. Ninayoandika hapa ndiyo tunayofanya kila tunapouchukua wimbo mpya, na ndiyo ninayowaambia mabinti wanaokuja kuniuliza.

Shika kwanza, uachie baadaye

Sikiliza rekodi ukiwa na daftari. Andika maneno kwa mkono, kwa sikio lako mwenyewe. Usiyachukue mtandaoni. Mashairi ya nyimbo zetu yaliyowekwa huko, mengi yameandikwa na watu wasiojua Kiswahili, au yamenakiliwa kutoka kwa mwimbaji wa nje aliyekuwa anabahatisha. Mstari usioupata, rudia mpaka uupate. Ukishindwa, mtafute mtu mzima aliyecheza wimbo huo enzi zake. Nyimbo za dansi za zamani zina mafumbo mengi, majina ya mitaa, masengenyo ya mtu fulani. Ukiimba fumbo hujalijua, uso wako utasema hivyo mbele za watu.

Kisha imba pamoja na rekodi mpaka uwe unavuta pumzi pale anapovuta mwenyewe. Weka alama ya mkwaju kwenye daftari kila anapopumua. Kazi hii inachosha na wengi wanairuka, lakini ndiyo inayokuonyesha wimbo umejengwaje. Utaona, kwa mfano, kwamba mwimbaji fulani hapumui mwisho wa mstari kama ulivyodhani. Anabeba neno la mwisho mpaka mwanzo wa mstari unaofuata, na hapo ndipo wimbo wake unapopata ile hali ya kusukumana. Ukijua hilo, utakuwa na la kubadili. Usipojua, utabadili kitu kingine kabisa na utashangaa kwa nini wimbo umekufa.

Ukishaushika hivyo, zima. Usiusikilize tena kwa muda, hata ukipita kwenye daladala ukausikia, vaa hedifoni zako. Endelea kuuimba peke yako, jikoni, njiani, bila chombo. Sauti ya mwenyewe itaanza kufifia masikioni na utabaki na tuni, maneno na koo lako. Hapo utagundua kuna sehemu unaziimba tofauti bila kukusudia: hapa unachelewa, pale unashuka badala ya kupanda. Rudi sasa kwenye rekodi ulinganishe. Tofauti inayogongana na kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, au inayoharibu maana, irekebishe. Inayokaa vizuri, iache. Hukuipanga, na mara nyingi hiyo ndiyo nzuri kuliko yoyote utakayoipanga.

Bado kuna zoezi moja ninalolipenda kuliko mengine yote. Yaseme yale mashairi kama unamsimulia shoga yako, bila tuni. Kaa naye barazani au mpigie simu ukipenda, umwambie maneno yale yale kwa mwendo wa mazungumzo. Utasikia mahali ambapo kwa kawaida ungenyamaza kidogo, neno ambalo ungelisema kwa sauti ya chini, neno ambalo ungelirudia kwa hasira. Andika hayo pembeni ya daftari. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na waimbaji waliokulia kwenye nyimbo za Kizungu wanaisahau sana wanapocheza na mwendo; wanakaza popote pale mdundo unapoangukia, neno linatoka kama la mtu aliyejifunza lugha juzi. Ukiwa umelisema kwanza, ulimi utakukataza.

Kii ya saa nne usiku

Wengi wanachagua kii, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo wote unakaa, mchana, wakiwa wamelala vizuri na wamekunywa maji. Kii ya kweli ni ile utakayoweza kuibeba saa nne usiku, umeshaimba kwa muda wa saa mbili, kiyoyozi kimekukausha koo, na harusi ndiyo kwanza inachangamka. Tafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, mara nyingi iko kwenye kiitikio, uiimbe mara kadhaa mfululizo kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kupaza shingo, shusha. Kisha tafuta noti ya chini kabisa uone kama maneno yake yanasikika au yanageuka pumzi tu.

Mwanamke anayechukua wimbo wa mwanaume huambiwa aimbe oktavu nzima juu katika kii ile ile. Inawezekana, lakini wimbo unakuwa mwembamba na unakulazimisha kupiga kelele. Mimi humwomba mpiga gitaa apandishe kii kwa nusu toni nne au tano na mimi nabaki chini, karibu na sauti ninayozungumzia. Watu wa gitaa watanuna kidogo, hasa kama solo yenyewe inategemea nyuzi zinazopigwa wazi. Wape muda. Mara nyingine kii mpya inamnyima mpiga gitaa ile solo aliyoikariri kutoka kwenye rekodi, analazimika kutafuta nyingine, na nusu ya kazi yako inakuwa imefanyika bila wewe kusema neno.

Hili la kii ndilo linalobadili wimbo kuliko kitu kingine chochote, na ni la bure. Wimbo wa majigambo ukiushusha unakuwa wa vitisho. Wimbo wa kubembeleza ukiushusha unakuwa wa mtu aliyekwisha kukata tamaa. Jaribu kii tatu tofauti kabla hujajaribu jambo lingine lolote.

Tuuchukue Malaika

Nitaeleza kwa wimbo uliochoka kuliko zote, maana ukiweza huu utaweza mingine. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na bendi ya Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nani hasa aliutunga, watu wamebishana miaka na miaka, na mimi siingii humo. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia kwenye albamu yao ya pamoja ya 1965. Boney M. wakautoa 1981. Angélique Kidjo wa Benin akauimba 1991 kwenye albamu yake ya Logozo. Wasikilize wote kwa mfululizo, jioni moja. Fadhili ni kijana, sauti nyepesi, gitaa linamsindikiza kama rafiki. Makeba anauvuta, anakaa na neno kabla ya kuliachia. Boney M. wanataka watu wauimbe pamoja nao. Kidjo anaupeleka taratibu, kila noti anaipa nafasi yake. Tuni ni moja, na kodi zenyewe ukitaka unaweza kuumaliza kwa tatu tu.

Sasa wewe unaingia wapi? Mimi huanza kwa kuuliza: nani anasema maneno haya, na anamwambia nani? Malaika ni kijana asiye na mali ya kuolea. Anampenda binti, fedha hana, basi. Na mimi ni mwanamke. Kuna neno "ningekuoa" mle ndani, na kwetu mwanamke haoi, anaolewa. Nimewasikia wadada wakigeuza, "ungenioa", wakidhani wametatua. Hebu usikilize tena wimbo mzima ukiwa umegeuza hivyo: anayelia kwamba hana mali ni yule yule mwimbaji, na mahari hatoi yeye! Umegeuza neno moja, kisa kizima kimepinduka. Makeba na Kidjo, wanawake wote wawili, neno waliliacha lilivyo.

Mimi pia naliacha, lakini uamuzi huo una gharama zake. Ikiwa maneno ni ya kijana, basi mimi si mpenzi aliyemo kwenye kisa, mimi ni mtu anayefikisha ujumbe wake. Labda ni dada yake. Dada anajua kaka yake amekosa nini, na anajua binti yule anaolewa na mwingine mwezi ujao. Nikishaamua hivyo, mambo mengine yanajipanga yenyewe. Dada hapigi magoti, hafumbi macho kwa mahaba, haiti kwa sauti ya kudeka. Anasimama. Anasema. Kwa hiyo nauimba nimesimama karibu na maiki, mikono chini, sauti ya mazungumzo.

Vyombo navyo vikafuata. Ubeti wa kwanza tunaupiga kwa besi na tumba tu, gitaa kimya. Mgeni aliyezoea kuusikia na gitaa mwanzoni anaweka uma chini, hajui ni wimbo gani mpaka nianze kuimba na kulitaja jina lenyewe. Tumba inapigwa kwa kiganja, taratibu, na mwendo tumeupunguza kiasi kwamba kila mstari una pumzi mbili badala ya moja. Nilikotia pumzi ya pili ni kabla ya kutaja kukosa mali, kwa sababu nilipomsimulia shoga yangu maneno hayo ndipo niliponyamaza. Gitaa linaingia kwenye kiitikio, na linaingia na ule mdundo wa taarabu ya Tanga niliolelewa nao, nyuzi chache, hauna haraka. Ubeti wa ndege tunauimba mara moja. Mwisho haturudii kiitikio. Tunakiacha.

Usichukue mpangilio huu. Nimeueleza kirefu ili uone kwamba hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa sababu kinapendeza. Kila kimoja kimetoka kwenye lile swali la nani anasema. Ukiamua kwamba anayesema ni yule kijana mwenyewe, sasa ana miaka sabini na binti ana wajukuu, utapata mpangilio mwingine kabisa, pengine na gitaa pekee. Ukiamua ni mtu anayejitania ufukara wake, unaweza hata kuuchangamsha. Nimewahi kuusikia umepigwa chakacha, nyonga zinazunguka ukumbi mzima. Watu walifurahi, sikatai. Mimi siwezi, nikiona mtu anazungusha kiuno juu ya mahari iliyokosekana nacheka, na nikicheka siimbi.

Wanawake watatu wa Unguja

Shule bora ya jambo hili tunayo hapa hapa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alirekodi nyimbo Bombay kuanzia 1928, na udi na fidla nyuma yake. Baada yake Bi Kidude aliziimba baadhi ya nyimbo zile zile maisha yake yote mpaka alipofariki 2013, Kijiti ikiwemo, ambayo ni kisa cha kweli cha mauaji kule Unguja na mwuaji aliyekimbilia bara. Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti mwenyewe, akatoa albamu ya nyimbo za bibi yake, Siti of Unguja.

Sikiliza Siti halafu Bi Kidude. Bi Kidude alikuwa mtu wa unyago na ngoma, na hilo halikujificha hata alipokuwa katikati ya mafidla. Sauti ina mikwaruzo, anaitoa kifuani, mstari anaurusha halafu anauacha uanguke wenyewe. Hakusafisha kitu. Angejaribu kupanda anakopanda Siti angekuwa mwigaji wa kawaida, na leo tusingekuwa na Bi Kidude. Kisha msikilize Siti Muharam, uone alivyoziacha sauti za zamani zipumue na vyombo vya leo vikakaa chini yake, taratibu, bila kumfukuza. Wote watatu wanaimba mashairi yale yale. Binti mwenye sauti ya mikwaruzo anayeniuliza afanyeje aisafishe, humpa kazi ya kusikiliza Bi Kidude kwanza ndipo turudi tuzungumze.

Pia kwenye dansi, neno mtindo tumelitumia muda mrefu kabla watu hawajaanza kusema staili. Bendi ya Mlimani Park walikuwa na mtindo wa Sikinde, na sikinde ni ngoma ya Wazaramo. JUWATA walikuwa na Msondo, nayo ni ngoma. Vijana Jazz, Pambamoto. Wapiga muziki walihama bendi hii kwenda ile kila kukicha, lakini ukikaa nje ya ukumbi ulijua ni bendi gani inapiga. Ukikwama, basi, rudi kwenye ngoma ya kwenu. Mpigaji wa tumba wetu ni mtu wa Lushoto, na kuna namna anavyochelewesha pigo la mwisho ambayo hakuna shule ya muziki iliyomfundisha. Tumeacha kumrekebisha.

Vya kutogusa

Wimbo unaojulikana una vitu viwili au vitatu ambavyo wasikilizaji wanavihesabu kuwa vyao. Cha kwanza ni tuni ya kiitikio. Unaweza kuibadilishia kodi chini yake, unaweza kuipunguza mwendo, lakini ukiigeuza yenyewe watu watashindwa kuitikia, na kwenye harusi hilo ni kosa kubwa. Cha pili ni ule mstari mmoja wanaoungoja. Kila wimbo unao. Uache wazi, usiujaze, uwape maiki kama ikibidi.

Cha tatu watu wanakisahau: kile kipande cha chombo kinachoufungua wimbo. Kwenye dansi gitaa la mwanzo linajulikana kama maneno yenyewe. Sina Makosa ya Les Wanyika, besi na gitaa zikianza tu, watu washaacha viti. Kama huna mpiga gitaa wa kukipiga, usikifute. Kipe chombo kingine. Kiimbe kwa mdomo. Mpe mpiga besi akitafune kwa noti nusu ya zile za awali. Tulikuwa na harusi ambayo gitaa lilikata waya dakika ya mwisho, nikaimba solo ya mwanzo kwa "la la la" huku ndugu wa bibi harusi wakinisaidia, na tangu hapo wimbo ule tunaupiga hivyo.

Zaidi ya hapo, punguza. Kwa mwimbaji anayeanza, mtindo maana yake ni kuongeza: mitetemo, kupanda na kushuka, "yeeh" kila mwisho wa mstari, kurap katikati. Madoido ni iliki kwenye chai, mbili zinatosha sufuria nzima. Zoezi langu: imba wimbo wote bila doido hata moja, kavu kabisa, mbele ya mtu. Halafu muulize ni wapi amechoka. Hapo pekee ndipo uweke kitu.

Ukumbini

Mpangilio mpya usiufungulie shoo. Piga nyimbo mbili tatu kama zilivyo, watu wajue kwamba mnaweza, ndipo ulete wa kwako. Wakishakuamini watakufuata. Ukianza nao watadhani umekosea.

Meneja wa hoteli atakuja akwambie "pigeni kama kwenye rekodi". Usibishane naye. Mwitikie vizuri, mpigie wawili watatu anavyotaka, na ule wako uuweke wakati wageni wanakula, siyo wakati wa kucheza. Mimi huwaangalia wahudumu. Wao wanausikia wimbo huo kila usiku kutoka kwa kila bendi, masikio yao yameshaota sugu. Mhudumu akisimama na sinia mkononi, tumefika.

Kwenye taarabu na harusi za pwani kuna kipimo kizuri zaidi: watu wanapokuja mbele kukutunza fedha. Usiangalie noti za fedha, angalia wameinuka kwenye mstari gani. Mwanamke aliyeinuka kiti cha nyuma kabisa, akapita meza zote akicheza mpaka mbele, ameguswa na neno fulani sekunde ishirini kabla hajakufikia. Likumbuke. Nikirudi nyumbani naweka nukta kwenye daftari pembeni ya mstari ule. Mstari wenye nukta nyingi sioni haja ya kuupamba, naupa nafasi tu: tumba zinashuka, narudia mara moja, naendelea. Na mstari niliodhani ndio moyo wa wimbo, ambao hakuna aliyewahi kuinukia, naacha kuukazia. Wakati wanakutunza, lakini, usikimbize mwendo kwa furaha. Ni kosa la kila bendi changa, noti mbili za elfu kumi zikitua, wimbo unageuka mbio.

Jirekodi kwa simu. Usiiweke jukwaani, iache meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni, ambako sauti inafika ikiwa imechakaa. Usisikilize usiku huo huo, maana bado una jasho na utajipenda au utajichukia bure. Ngoja siku zipite. Sikiliza vitu viwili: je, mtu aliyeko jikoni angeujua wimbo? Na je, angejua ni wewe? Jibu la kwanza likiwa hapana, umebadili mno, rudisha kiitikio au kile kipande cha mwanzo. La pili likiwa hapana, rudi kwenye kii na kwenye lile swali la nani anasema.

Haki ya mwenyewe

Taja jina. Kabla ya wimbo au baada yake, sema ni wa nani. Haikugharimu kitu na watu wazima ukumbini watakuheshimu. Kwa wimbo kama Malaika, ambao utunzi wake una mabishano, mimi husema tu nani aliurekodi.

Kuuimba ukumbini ni jambo moja, kuurekodi na kuuweka sokoni ni lingine. Ukumbini, muulize mwenye ukumbi kama amelipia leseni ya muziki. Ukitaka kurekodi, na hasa kama umegusa maneno, tafuta ruhusa ya mtunzi au warithi wake kabla hujaingia studio. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo pa kuanzia kuuliza. Haki ya mtunzi haizikwi naye. Na ukipandisha video mtandaoni bila ruhusa, usishangae fedha za matangazo zikienda kwa mwenye wimbo, au video ikashushwa kabisa.

Anza na wimbo mmoja, siyo kumi. Chagua ulio mbali na wewe, wa jinsia nyingine au wa muziki mwingine, wenye mashairi ya kubeba. Uachane na ule ambao umaarufu wake wote ni koo la mwenyewe, kwa sababu ukitoa lile koo hakuna kinachobaki cha kufanyia kazi. Na mpiga besi umlipe nauli ya mazoezi. Ukiliondoa gitaa kwenye ubeti wa kwanza, yeye ndiye wimbo wote, na asipotokea siku ya shoo utajikuta unapiga kama kwenye rekodi.